Herufi Mbili za Mstari wa Saba

Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Thamesmead, ughaibuni, Peris alikuwa ameshapanga viti na kubandua chingamu chini ya vitatu. Siku nyingine alitunza wazee. Hapa alikuwa katibu wa chama cha wazungumzaji wa Kiswahili na mwalimu wa darasa la watoto. Bajeti ya chama aliiandika kwa mkono, kwa mwandiko aliofundishwa na baba yake, na mstari aliojivunia kuliko yote ulikuwa wa saba: "Wajane wasilipe karo ya darasa."

Mwenyekiti, Bwana Fanuel, aliitwa Gavana, kwa kuwa katiba ya chama aliinakili kutoka jimbo la Marekani alikosomea. Ilimruhusu kufuta sehemu yoyote ya bajeti iliyopitishwa. Kuongeza, hapana. Alitoa kalamu nyekundu, akafuta herufi mbili. Mstari wa saba ukasomeka: "Wajane walipe karo ya darasa."

"Gavana, hiyo si bajeti tuliyopitisha," Peris alisema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, kwani nimeongeza nini? Hata nukta sijaongeza."

Kumpinga kulihitaji theluthi mbili ya wanachama. Zaidi ya nusu walikuwa zamu, hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kama kila Jumamosi.

S na I zilijikung'uta wino mwekundu, zikateremka kwa mguu wa meza, zikapita chini ya viti hadi nyuma alikoketi Émilienne, mjane kutoka Bukavu, na binti yake Chancelle wa miaka tisa. Zikapanda kwenye kola ya koti la mtoto, zikatulia. Émilienne alizipangusa mara moja, akaona hazitoki, akaziacha.

Jumamosi iliyofuata Gavana alisimama mlangoni na orodha ya waliolipa. Jina la Chancelle halikuwamo. Émilienne alishamshika mkono binti yake waende zao kituo cha basi. Chancelle, ambaye miaka yote alisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, aligusa kola.

"Siondoki," alisema.

Gavana alikiri kwamba neno hilo halikuwa na kosa hata moja la sarufi, akafunga mlango wakiwa nje.

Peris alisogeza ubao hadi dirishani, akafungua dirisha ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, akaandika kwa herufi kubwa. Nje, chini ya mwavuli wa mama yake, Chancelle alirudia kila neno: sichoki, sirudi, siogopi. Ndani hakuna mtoto aliyemfikia kwa sauti. Peris alilazimika kugeukia ukuta kidogo, maana kifua kilikuwa kimemjaa kama mzazi kwenye mahafali.

Mwaka uliofuata aliuandika upya mstari wa saba, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Gavana akafuta mbili zilezile.

Zilishuka mezani bila haraka. Njia ya dirishani, alikosomea Chancelle, zilishaijua.