Sentimita Tisa za Baba

Baba yangu Velimir ana kipawa: anaijua kila kazi duniani isipokuwa ile anayoifanya.

Mwaka huo Bibi Stamena, mama yake, alikubali sikukuu ya mtakatifu wa ukoo ihamie kwetu, orofa ya nne, mjini Kragujevac. Alikubali kwa majaribio. Mama yangu Desanka akiharibu, sikukuu inarudi kwa bibi, naye mama anarudi kuosha sahani, cheo alichokishika kwa miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo tukabomoa choo ili kiwe kipya.

Fundi Tihomir aliomba kitu kimoja tu. “Mzee, nunua choo kwanza. Tukishakiona ndiyo tujue bomba la maji litokee wapi. Mimi kwa kawaida naliweka pembeni, chini.”

“Pembeni, wageni walione?” baba akasema. “Weka katikati, juu, lijifiche nyuma ya tangi la choo.”

“Na koki itakaa wapi?”

“Kwani koki ina kitambi?”

“Inakushinda wewe kwa kitambi, mzee.”

Lakini mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Fundi akaliweka alipoambiwa, akabandika vigae, akaondoka akipiga mluzi.

Choo kilipoletwa, koki ilikuwa imekaa palepale tangi lilipotaka kukaa. Ikabidi choo kizima kisogezwe mbele sentimita tisa. Utasema, tisa ni nini? Chumba chenyewe ni chembamba, na ukikaa unautazama mlango. Mtu mfupi aliufunga vizuri. Mtu mrefu, magoti yake yalibaki kwenye korido.

“Vunja vigae,” mama akasema.

“Vigae vya Italia, Desanka? Na sikukuu ni kesho? Huyo fundi ndiye katuponza. Halafu, nani mrefu kwetu?”

“Gvozden.”

Gvozden ndiye baba yangu wa ubatizo. Zamani alicheza mpira wa kikapu, na hakuna mgeni mkubwa kumzidi. Kumwambia asije haiwezekani. Siku ya mtakatifu haalikwi mtu wala hazuiwi mtu.

Alikuja. Akala mikunjo kumi na mmoja ya kabichi yenye nyama, akaishushia na rakija, pombe yetu kali ya matunda, kisha akainuka kwenda chooni. Mama akafumba macho. Tukasikia mlango ukivutwa, ukagonga goti. Ukavutwa tena. Goti tena.

“Desanka, mlango wako umenikataa!”

“Rudi nyuma kidogo!” baba akapaza sauti.

“Nyuma kuna tangi, Velimir! Niingie ndani yake?”

Kengele ikalia papo hapo. Wakaingia jamaa sita kutoka mji wa Čačak, na kwetu baba wa ubatizo husalimiwa kabla ya mtu yeyote. Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakapita koridoni, wakaushika mkono uliotokeza juu ya magoti.

“Heri ya sikukuu, mzee Gvozden!”

“Na kwenu pia. Mnisamehe, siinuki.”

“Kaa, kaa, usijisumbue!”

Wa mwisho akampa glasi. Gvozden akaanza kisa cha mechi fulani na refa kipofu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukikosa, watu wakabeba viti vyao kutoka mezani wakavipanga koridoni.

Mama alikuwa jikoni, uso kwenye taulo. Bibi akainuka mezani akamfuata.

“Kwangu,” bibi akasema, “mgeni akienda chooni anakaa peke yake kama mfungwa. Miaka arobaini sikuliona hilo.” Akamgeukia baba, aliyekuwa amesimama mlangoni. “Hili bomba ni akili yako au ya fundi?”

Baba, aliyekuwa akimlaani fundi tangu jana, akanyoosha mgongo.

“Yangu, mama.”

“Basi sikukuu inabaki hapa. Na hicho choo asikiguse mtu.”

Mama akambusu bibi mara tatu kama desturi inavyotaka, huku jicho lake likimwambia baba maneno ambayo siku ya mtakatifu hayatamkwi.