Muuguzi Aliyeahidiwa kwa Kahawa

"Kwa fahari isiyo na kipimo, na kwa kuwajali wazee wetu ambao ni taji la vichwa vyetu na baraka ya nyumba zetu, Serikali inawatangazia wananchi wote wa Ain Rujm kwamba kuanzia Jumapili ijayo kila mzee aliyetimiza miaka sabini atatembelewa na muuguzi nyumbani kwake, mara mbili kwa wiki, bila malipo, bila foleni, na bila kuulizwa alikuwa wapi siku zote."

Serikali iliyoandika maneno haya ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, imelala kifudifudi juu ya godoro la sebuleni, miguu imeichomeka chini ya blanketi la bibi yake, na mdomoni ina pande la chungwa. Jina lake Sakhr.

Sakhr alikuwa amerudi kijijini kwa likizo ya baridi kutoka shule ya bweni huko Amman, ambako alijijengea heshima kubwa katika fani ya matangazo. Kazi yake ya mwisho, iliyobeba sahihi ya mwalimu mkuu, iliwataka wavulana wote wa kidato chake waje kwenye chakula cha jioni wakiwa wamevaa tai juu ya nguo za kulalia, kwa heshima ya mgeni kutoka wizarani. Walikuja. Msimamizi wa bweni naye alikuja, na tai yake ilikuwa ya hariri.

Lakini hili la wauguzi halikuwa mzaha mtupu. Bibi yake, Hajja Fidda, alikuwa na kidonda cha sukari kwenye unyayo, na siku ile ile asubuhi Sakhr alikuwa amempeleka kliniki ya mji wa wilaya kwa pikapu ya ami yake Mufleh. Walikaa kwenye benchi la chuma mpaka adhuhuri. Karani wa dirishani akamuuliza Bibi, mtu mzima yule, mbele za watu, alikuwa wapi siku zote, kana kwamba alikuwa ametoka kucheza. Alirudi nyumbani amefungwa bandeji mpya, akasema mguu unapumua vizuri sasa. Siku ile ulikuwa bado mguu mzima, wenye vidole vitano.

Sakhr alikata nembo kutoka kwenye bili ya umeme, akaibandika juu ya tangazo, akalirusha kwenye kundi la simu la kijiji kwa namba asiyoitumia kwa kawaida. Kisha akamalizia chungwa lake na kusubiri watu wacheke. Ule mstari wa mwisho aliuweka makusudi, ili hata mjinga ajue kuwa ni utani.

Hakuna aliyecheka. Mstari wa mwisho ndio uliowashawishi.

"Umeona?" Hajj Irshaid, babu yake, alimwambia mkewe. "Hatimaye huko juu wamempata mtu anayejua tunavyotendewa."

"Mungu ampe afya," alisema Bibi. "Bila shaka mama yake naye ana sukari."

Sakhr alifungua mdomo, kisha akaujaza chungwa jingine.

Jumapili ilifika na muuguzi hakufika. Sakhr alishukuru kimoyomoyo. Aliona mzaha wake unakufa kifo chema, bila mateso. Jumatatu Hajj Irshaid alitoa joho lake jeusi sandukuni, akawapigia simu wazee wenzake watatu, na wote wanne wakapanda pikapu ya Mufleh kwenda kwenye ofisi ya huduma za wazee. Sakhr walimchukua kwa sababu yeye ndiye aliyeweza kulifungua tangazo kwenye simu haraka haraka. Alikubali kwa uso wa mtu aliyeombwa kubeba kamba ya kunyongewa yeye mwenyewe.

Mkurugenzi, Bwana Nashat, alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vya kung'aa na babu ambaye hema lake la wageni bado linasimuliwa. Aliipokea simu, akasoma. Akasoma tena. Sakhr alipima umbali wa mlango kwa macho.

"Hili limetoka lini?"

"Unatuuliza sisi, mwanangu?" alisema Hajj Irshaid.

Nashat alimgeukia katibu wake. Katibu alibinya midomo kama mtu ambaye hakuarifiwa, lakini hayuko tayari kuwa wa kwanza kusema hakuarifiwa. Wakapiga simu ghorofa ya juu. Ghorofa ya juu ikasema huenda limetoka makao makuu. Makao makuu hawakupokea. Nashat akarudisha simu mezani taratibu, na hapo Sakhr akaelewa, kwa mshangao mkubwa, kwamba katika jengo zima hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema hana habari.

Mhudumu akaingia na chupa ya kahawa na vikombe vya karatasi. Hajj Irshaid alipokea chake kwa mkono wa kulia, akakiweka juu ya meza ya mkurugenzi, akaukunja mkono. Wazee wengine nao wakaweka vyao. Vikombe vinne vikakaa pale vinatoa mvuke.

"Karibuni wazee, kahawa inapoa," alisema Nashat, ingawa alijua vizuri anachokiona. Mgeni mwenye haja hanywi. Akishaweka kikombe chini, mwenyeji atoe kinachoombwa au abaki na aibu.

"Ipoe," alisema Hajj Irshaid.

"Hajj, hapa ni ofisini."

"Kahawa ni kahawa. Au babu yako alikuwa akiwaambia watu warudi kesho na picha mbili?"

Mzee mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. Nashat alivitazama vile vikombe kwa muda. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na nje theluji ilikuwa inaanguka.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema mwishowe. "Mlichokijia mmekipata."

Katika milima ile neno hilo halirudishwi mdomoni. Mabinti wameozwa kwa neno hilo, na damu imesamehewa. Wazee walikunywa, wakatikisa vikombe vya karatasi kuonyesha wametosheka, kwa heshima ile ile ambayo wangevitikisia vya udongo, na wakaondoka migongo imenyooka. Njiani Sakhr alikaa nyuma ya pikapu katika baridi kali, akitafakari kwamba huenda yeye ndiye mtu wa kwanza katika historia ya taifa kuanzisha huduma ya umma akiwa amelala kifudifudi. Nafasi ya kusema ilikuwepo, tangu mjini hadi kijijini. Aliitumia kuimba.

Siku ya kliniki ilipofika, Mufleh alipiga honi uani. Bibi hakutoka.

"Mama, tunachelewa," Mufleh aliita.

"Nenda zako. Mimi nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Muuguzi. Mtu ametoa neno juu ya kahawa, halafu mimi nionekane barabarani natafuta tiba kwingine? Baba yako atauweka wapi uso wake? Watasema Irshaid alikunywa, lakini mkewe hakuamini."

Mufleh alimtazama baba yake. Hajj Irshaid alikuwa anachochea moto na hakuinua kichwa, lakini ilionekana wazi kwamba maneno yamempendeza. Mufleh akazima gari.

Hivyo ndivyo Hajja Fidda alivyoacha kwenda kliniki. Chumba kilifagiliwa, mto mpya ukawekwa mahali pa mgeni, na birika la chai likawa halitoki motoni. Shangazi Khitam, binti wa mwisho aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi wake, alimfunga bandeji kwa maji ya kuchemsha na vipande vya shuka.

"Sipendi rangi ya hiki kidole," alisema Khitam.

"Nani alikwambia ukipende? Funga."

Sakhr alianza kumhudumia muuguzi ambaye hayupo. Leo gari lao limeharibika, alimwambia Bibi. Leo barabara ya bondeni imefungwa kwa theluji. Leo ameanzia kijiji cha jirani kwa sababu huko kuna mzee hawezi kugeuka kitandani. Bibi alimwonea huruma yule mzee, akasema basi amalizane naye kwanza, yeye anaweza kungoja.

Usiku ule Sakhr hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda nyuma ya banda la mbuzi akaipigia ofisi simu.

"Huduma ipo," karani alimwambia. "Mko kwenye mpango. Tunasubiri gari."

"Haipo."

"Nakwambia ipo. Tangazo liko ukutani hapa ninavyozungumza nawe, lina muhuri na picha ya mkurugenzi."

"Bwana, sikiliza. Tangazo hilo nililitunga mimi. Kwenye godoro. Hakuna huduma."

Karani aliiweka simu mezani. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imevaa koti na tai.

"Kijana, una ushahidi gani?"

"Ninayo asili yake kwenye simu yangu."

"Asili iko kwetu, imepigwa muhuri. Na ukiendelea kukejeli juhudi za serikali kwa wazee wetu, namba yako imeonekana hapa. Unanielewa? Wewe ni mtoto wa nani?"

Sakhr alikata simu. Baadaye mtu alituma kwenye kundi la kijiji picha ya tangazo lililo ukutani. Walikuwa wamelichapa neno kwa neno, taji la vichwa na baraka ya nyumba, kila kitu. Mstari mmoja tu waliuondoa, ule wa mwisho.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiitazama ile picha. Bwenini angetoa vidole viwili ili kupata ushindi wa namna hiyo. Mbuzi mmoja alikuja akaanza kumtafuna mkono wa sweta, naye akamwacha.

Harufu ilianza siku chache baadaye. Mwanzoni ilikuwa ya kudhaniwa tu, kisha ikawa ndani ya blanketi, kisha kila aliyeingia sebuleni alisimama kidogo mlangoni. Khitam alichoma ubani. Bibi alipandwa na homa, macho yakawa yanang'aa, na aliendelea kuuliza kama chai ya mgeni ni ya moto. Khitam alimsihi, Mufleh akamsihi, akatishia kumbeba kwa nguvu. Hajj Irshaid akasema hakuna mtu wa kubebwa kwa nguvu katika nyumba yake, na kwamba kesho atawakusanya wanaume arobaini aende nao kwa mkurugenzi, amuulize kwa nini neno la kahawa linachelewa.

Mufleh na Khitam walitoka kwenda jikoni kugombana kwa sauti ya chini. Sakhr akabaki naye. Akamwinamia.

"Bibi, muuguzi amepiga simu."

"Ee?"

"Anakungoja kliniki. Barabara imemshinda, kwa hiyo anaomba wewe ndiye umfuate. Ameomba radhi sana. Si aibu, Bibi, yeye mwenyewe ndiye aliyeita."

Bibi alifumbua macho. Alimtazama muda mrefu, na Sakhr alijikuta anaukunja na kuukunjua ukingo wa blanketi.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Muuguzi."

"In'am," alisema Sakhr.

"Binti wa nani?"

"Sikumuuliza."

"Unajua gari lake limeharibika, unajua amelala kijiji gani, unajua anamgeuza mzee wa watu kitandani, halafu hujui ni binti wa nani." Alipumua kwa shida. "Babu yako hajawahi kupigiwa simu. Mufleh hajapigiwa. Mkurugenzi mwenyewe hajatupigia. Huyo mwanamke ana namba ya mtoto wa shule tu?"

"Bibi, twende kwanza, nitakueleza njiani."

"Mpigie nimsikie."

Sakhr aliishika simu. Aliiwasha, ikamulika kidevu chake. Katika simu ile mlikuwa na majina ya wavulana sitini, mwenye duka la falafeli la karibu na shule, na mama yake aliyekuwa Kuwait. Alipitisha kidole juu ya majina yote mpaka chini, kisha akaiweka juu ya godoro, kioo kikiwa kimeangalia chini.

"Hayupo, Bibi."

"Hayupo kliniki?"

"Hayupo popote. Hajawahi kuwepo. Lile tangazo nililiandika mimi."

Bibi aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto.

"Nilitaka watu wacheke. Nilikuwa na hasira na yule karani, nikataka watu wacheke. Basi."

"Na mkurugenzi?"

"Hakujua lolote. Aliviona vile vikombe akaogopa."

"Lakini alisema kunyweni."

"Alisema."

Bibi aliugeuzia uso wake ukutani. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi, ukapapasa godoro, ukampata Sakhr kwenye kifundo cha mkono na kukishika kwa nguvu ambazo hakudhani bado anazo.

"Mwite Mufleh alete gari," alisema. "Na babu yako asijue. Mwambie nimeota ndoto. Mwambie chochote, wewe si unajua?"

Lakini Hajj Irshaid alikuwa mlangoni, ameshika sinia la makaa kwa ajili ya jiko la chumbani. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Joho la kesho lilikuwa tayari begani, limepigwa pasi. Aliinama polepole, akaweka sinia sakafuni, akajinyoosha.

"Umesema nini?"

"Babu..."

"Sikusikia vizuri. Sikio la upande huu limekufa." Alisogea mpaka kwenye godoro, akainamisha kichwa na kumpa sikio jingine. "Anza tangu mwanzo."

Sakhr akaanza tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, ili Babu asilazimike kumuuliza tena.