Pua ya Audax

Kundi la fidla la Chang'ombe lilikuwa na watu wanne na pua moja. Pua hiyo ilikuwa ya Audax, na bila pua hiyo hakuna aliyethubutu kugusa uzi.

Usicheke kwanza. Muziki wa watu wanne hauna mtu wa kusimama mbele akipunga fimbo. Wanne hao wanakaa kitako, wanatazamana, halafu inabidi waanze kwa pamoja, na hapo ndipo penye kazi. Audax alikuwa mwalimu wa shule aliyefundishwa fidla na padri mmoja kule Bukoba, na mwanzoni alijaribu kuwaanzisha wenzake kwa kutikisa kichwa. Haikufaa. Revelian, karani wa reli aliyepiga fidla ya kati, alikuwa na macho mabovu, na miwani yake haikubanduka kwenye karatasi. Mfaume wa Mtoni, aliyepiga fidla kubwa, ile inayokumbatiwa kama gunia la mkaa, alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Yakabaki masikio. Kuhesabu kwa mdomo Audax alikataa katakata, akisema hayo ni mambo ya watoto wa darasa la kwanza. Basi akawa anavuta pumzi puani, fff, fupi na kali, na wote wanaingia. Walifanya hivyo kila Jumamosi barazani kwa Revelian mpaka ikawa mazoea, na mazoea yana taabu.

Wa nne alikuwa Jovina, mdogo wake Revelian. Alijifunza fidla kwa masista, akaja Dar es Salaam kufundisha wasichana ushonaji, akawa anakaa kwa kaka yake. Alipiga fidla ya pili. Fidla ya pili ni kama chumvi kwenye mchuzi, haitajwi mpaka siku inapokosewa. Jovina hakujali. Aliupenda muziki ule kuliko kitu chochote alichowahi kupata mjini, na kila Jumamosi alimaliza kazi za nyumbani mapema kama mtu aliyealikwa karamu.

Mwezi wa Julai baba yao, Mzee Kornelio, akaja kuwatembelea. Mzee huyu alikuwa katekista na mwongoza kwaya, mtu wa maneno machache na kofia moja. Kule nyumbani alikuwa amesikia kwamba binti yake anakaa na wanaume akikwaruza nyuzi, na habari hiyo ilimtangulia kila alikokwenda. Asubuhi moja, baada ya chai, akamwita Jovina.

"Jumatatu narudi," akasema. "Nimeambiwa Jumamosi mnapiga harusini. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiona ni jambo la heshima, utabaki. Nikiona ni uhuni, tutapanda treni pamoja, na hicho kidude utamwachia kaka yako."

"Ndiyo, Baba," akasema Jovina, akaenda uani kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Mwajabu, dada yake Mfaume, nyumbani kwao Mtoni. Kila kitu kilikuwa tayari: noti za muziki zimejulikana kwa moyo, shati la Mfaume limepigwa pasi. Alhamisi Audax akaamka na mafua. Si mafua ya kupita, ni yale ya kipupwe yanayohamia kabisa na virago vyake. Bi Tunu, mama yake Mfaume, akampelekea tangawizi, akamfukiza kwa majani ya mchaichai ndani ya blanketi mpaka akatoka amelowa kama mtu aliyeokolewa mtoni. Haikusaidia kitu. Kufika Jumamosi pua ilikuwa nyekundu, inatiririka kama bomba lisilo na koki.

"Utaweza kweli, kaka Audax?" akauliza Jovina njiani.

"Nitaweza," akasema Audax kwa sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. "Mie naumwa pua, siumwi mikono."

Ua wa kina Mfaume ulikuwa umefurika. Wanawake walikuwa upande wa jiko, wanaume upande wa mlango, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa hewani. Wageni walitegemea taarabu. Walipoona fidla tupu, hakuna udi wala dumbaki, shangazi mmoja akauliza, "Ngoma yao iko wapi?"

"Hawana," akajibu Bi Tunu. "Mwanangu kasema huu ni muziki wa kukaa kitako."

Mzee Kornelio alipewa kiti cha mbele kwa kuwa ni mgeni kutoka mbali. Alikuwa amemletea Bi Tunu kikapu kidogo cha buni za kutafuna, wakasalimiana vizuri, akaketi na kofia yake juu ya goti. Jovina alimtazama mara moja tu, kisha akaangalia noti zake.

Audax akaweka fidla kidevuni. Hata hajatazama karatasi, pua ikadai haki yake: fff. Mfaume, ambaye macho alikwishayafumba, akazama. Revelian aliposikia Mfaume kaanza, naye akaanza. Jovina akawakimbilia. Wa mwisho kuingia alikuwa Audax, mwenye pua yake, leso mkononi. Wakaacha kupiga. Audax akainua mkono kuomba radhi, akavuta pumzi safari hii kwa makusudi, na minueti, ile dansi ya Kizungu ya zamani, ikaondoka vizuri kabisa.

Lakini minueti ile ilikuwa na mahali pa kimya. Katikati, wote wanne wananyamaza kidogo, halafu wanarudi polepole. Katika kimya kile Audax akavuta pua mara mbili. Mfaume akaanza kwa ya kwanza, Revelian akaanza kwa ya pili.

"Wanafukuzana!" mtu akapaza sauti, na ua mzima ukacheka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa ameshaushtukia mchezo. Akavuta pua kwa nguvu: fff! Na Mfaume, maskini ya Mungu, macho yamefumbwa, akaanza tena. Watu wa pwani hawafundishwi utani mara mbili. Pua zikaanza kuvutwa kila kona, kutoka jikoni, kutoka mlangoni, hata bibi mmoja asiye na meno akajaribu bahati yake, na kila pua ilipolia fidla kubwa iliitika. Revelian akawa anakimbiza karatasi yake huku na huku kama karani aliyepoteza faili. Audax alikuwa amejifunika leso uso mzima.

Jovina akamtazama baba yake. Mzee Kornelio alikuwa anaizungusha kofia gotini, polepole, ukingo baada ya ukingo. Jovina aliijua kofia ile. Nyumbani, ikianza kuzunguka hivyo, mzee alikuwa anajiandaa kusimama na kuondoka, na akiondoka hasemezeki tena. Aliliona behewa la treni. Alijiona dirishani, Morogoro inapita, Dodoma inapita, mikono yake haina kitu cha kushika. Hofu ikamshika, halafu, sijui kwa nini, ikageuka hasira.

Akasimama.

"Mfaume, fumbua macho!" akasema. "Kaka, acha karatasi! Pua basi, imetosha. Nisikilizeni mie."

Ilikuwa ile sauti yake ya kuwaita wasichana kutoka uwanjani, na ua ukanyamaza wote. Jovina akaketi, akaweka fidla kidevuni, akahesabu kwa mdomo, mbele ya watu, kama darasa la kwanza:

"Moja, mbili, tatu, twende!"

Wakaenda. Mfaume akaingia macho yamemtoka, Revelian akaingia, na Audax akaingia nyuma ya fidla ya pili ya Jovina kama mtu aliyetuliwa mzigo. Pua za uani zikajaribu tena mara moja au mbili, lakini hakuna aliyezijali. Walipofika mahali pa kimya, Jovina akaacha kimya kikae mpaka kikaiva, akasema, "Twende!" na wote wakarudi pamoja, laini, ile minueti yenyewe hasa.

Walipoirudia minueti mara ya pili, wanawake wa upande wa jiko walikuwa wameshajua kimya kiko wapi. Wakakisubiri. Kilipofika wakasema pamoja naye, "Twende!" Mara ya tatu ni ua mzima uliosema, pamoja na kijana yule wa bwana harusi na bibi asiye na meno. Bi Tunu akainuka, akaja akicheza kwa mabega tu, akambandika Jovina kikuba cha asumini kifuani, na vigelegele vikapasua anga. Jovina akacheka kwa furaha. Kisha akakumbuka, akatazama kiti cha mbele. Kofia ilikuwa imetulia, lakini uso wa mzee haukusema kitu.

Wakala, wakaaga, wakaondoka wakati jua bado liko juu ya minazi. Revelian alitangulia na fidla yake, akijifanya ana haraka, maana hata yeye aliogopa. Jovina akafuatana na baba yake kando ya Barabara ya Kilwa. Walipokata kona kuelekea Chang'ombe, mzee akapunguza mwendo.

"Yule kijana wa mafua," akasema, "ndiye mkubwa wenu?"

"Ndiye, Baba."

"Na anayewaanzisha?"

"Siku zote ni yeye, Baba. Leo ni mie. Nisamehe, nilipaza sauti mbele ya watu."

Mzee akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye unayewaanzisha," akasema.

"Leo tu, Baba." Hakuweza kuvumilia tena. "Na Jumatatu, Baba? Nifungashe?"

Mzee Kornelio akasimama katikati ya njia, akamgeukia. Alionekana amekasirika, lakini si kwa namna ambayo Jovina alikuwa ameiogopa.

"Kwanza nijibu. Watu wale wote walikuwa wanakusubiri wewe. Wenzako walikuwa wanakusubiri wewe. Sasa mbona wamekukalisha pembeni, kwenye fidla ya pili?"

Jovina akaibana fidla yake kwapani. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Basi utabaki hapa mjini mpaka upate jibu," akasema mzee, akavaa kofia yake, akashika njia.