Nguo za Mama Hazikauki

Taulo zilikuwa bado mbichi. Nilizitia kwenye mashine ya gesi ya kukaushia nguo tulipomaliza kifungua kinywa, nikazirudisha mara ya pili Duane alipowasha televisheni, na sasa mechi imeshaanza, nazo ukizikamua zinakulowesha vidole. Niliupiga mlango wa ile mashine teke. Uliniumiza mguu, wenyewe haukusikia kitu.

Nilikuwa nimetoka Rochester, ninakoishi, kuja kumfungia Mama nguo zake. Kesho yake, Jumatatu, mdogo wangu Duane alikuwa ampeleke nyumba ya wazee. Chumba kilishapatikana, majirani walishaagwa. Tangu baridi ianze, Mama alikuwa hajielewi. Anaacha jiko linawaka, ananiita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa, mchana kutwa analala na akiamka analalamika kichwa.

“Na kubwa kuliko yote, dada,” Duane aliniambia kwa simu, “anakausha nguo zile zile kutwa nzima. Anazitoa, anazirudisha. Kasahau kabisa kwamba ameshazikausha.”

Nilibisha, nikashindwa. Yeye ndiye aliyehamia kwa Mama baada ya mkewe kumwacha. Mimi ni wa kuja na kuondoka. Mwenye kulala na mgonjwa ndiye ajuaye miguno yake.

Basi nikalichomoa chujio la mashine, lile linalonasa nyuzi za nguo, nikalikagua. Halikuwa na uzi hata mmoja. Nililiosha hata hivyo kwa maji ya moto na sabuni, maana vile vitambaa vya manukato anavyopenda Mama kutupia kwenye nguo huacha mafuta yakaziba vitundu. Nikalifuta, nikalirudisha, nikawasha mashine. Robo saa, taulo moto kama mkate, na mbichi vile vile.

“Fundi Marlene kaingia kazini!” Duane alipiga kelele kutoka kwenye kochi. “Usije ukaturusha angani, dada!”

“Badala ya kucheka njoo unisaidie. Au uite fundi.”

“Fundi? Nyumba hii? Baba akifufuka akamkuta fundi humu ndani, atarudi kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Ngoja mapumziko, nitakuja kuiangalia.”

Mapumziko yalikuja yakapita. Alikuja jikoni kuchukua bia tu.

Nikalala kifudifudi kwenye sakafu baridi, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini na kuchungulia. Moto wa bluu ukawaka vizuri tu. Nikaanza kufurahi. Mara ukazimika. Pipa likaendelea kuzunguka bila moto, likazunguka weee, ndipo ukawaka tena kidogo, ukazimika tena. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi, nami nilimhesabia Duane maumivu hayo. Gesi ipo, moto upo, pipa linazunguka. Sasa wewe shetani wa bati, unataka nini tena?

Mama akasimama mlangoni na sweta yake ameivaa nje ndani. Chumba chake kilikuwa hapo hapo, ukuta kwa ukuta na mashine.

“Hazikauki, eh?”

“Hazikauki, Mama.”

“Mwambie ndugu yako. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Ananiambia, ‘Mama, umeshazikausha, nenda kapumzike.’ Mimi nazishika na mikono yangu, zimelowa!”

Nikabaki pale chini, taulo mkononi. Jamani. Mama hakuwa anasahau chochote kuhusu zile nguo. Alikuwa anafanya nilichokuwa nakifanya mimi tangu asubuhi, ila mimi nikikifanya naitwa fundi, yeye anatafutiwa chumba cha wazee.

“Duane!” niliita. “Hivi hizi nguo ulizishika hata siku moja?”

“Nguo gani?”

“Za Mama! Alipokwambia zimelowa, ulizishika?”

“Dada, tafadhali, wako karibu kufunga!”

Nilitaka kumvurumishia ile taulo usoni. Nikaona kwanza nimalize na mashine, yeye zamu yake inakuja. Nikaivuta kutoka ukutani, nikiogopa kulikwaza bomba la gesi. Lile bomba pana la kutolea hewa, linalopeleka joto na unyevu nje, lilikuwa zima, halikujikunja popote. Ikabaki kwenda kutazama linakotokea.

Nikatoka bila koti. Theluji ilinifika magotini ubavuni mwa nyumba. Nilitafuta ule mdomo wa bomba, ambao mashine ikiwaka huvuta moshi mweupe kama mzee na kiko chake. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na mdomo. Palikuwa na plastiki iliyobandikwa kwa ustadi, na chini yake povu la njano, lile la kopo linalovimba na kuganda, limefura ukutani kama kichuguu.

Huku kwetu ikifika Novemba kila mwanamume huizunguka nyumba yake na plastiki na kopo la povu, akiziba kila penye upenyo. Kisha wanatambiana kanisani, kwenye chakula cha samaki cha Ijumaa, nani nyumba yake haipitishi hata pumzi. Duane alikuwa bingwa wao.

Nililivunja lile povu kwa koleo, nikitukana kwa maneno ambayo Mama hajui kwamba nayajua. Lilipobanduka, hewa ya moto ikanipiga usoni. Hapo ndipo wazo la pili likaniingia. Joto lilikuwa halina pa kutokea. Na moshi wa ile gesi je, ulikuwa unatokea wapi?

Nilikimbia ndani. Nikazima mashine, nikafungua madirisha nikiichana plastiki ya Duane kwa kucha.

“Umeingiwa na wazimu?” Duane aliinuka. “Unajua nyuzi joto ngapi huko nje?”

“King'ora kiko wapi? Kile cha gesi ya sumu, kilikuwa ukutani hapa!”

“Ah, kile. Kilikuwa kinalialia, betri imekufa. Nikaitoa.”

“Ukaweka nyingine?”

“Nilikuwa nitaweka.”

“Kilianza kulia lini, Duane?”

Alifikiri. “Kama Novemba hivi. Nilipoziba...” Nyuma yake watu wakashangilia kwenye televisheni, na yeye hakugeuka kutazama.

Zimamoto walikuja na kijisanduku chao cha kupimia. Mkubwa wao alikitazama mara moja tu chumbani kwa Mama, akatuambia sote tutoke. Duane alikuwa anashinda ghalani kazini na kulala juu ghorofani. Mama alikuwa anashinda na kulala pale pale, akivuta sumu isiyo na harufu, inayouma kichwa na kuvuruga akili, na nguo zilivyokataa kukauka ndivyo alivyozidi kuiwasha mashine.

Hospitali walimvisha barakoa ya oksijeni. Jumatatu mchana alinitazama akaniita Marlene, akaniuliza kwa nini nimevaa soksi zisizofanana. Nililia kama mtoto. Daktari alisema watamchunguza zaidi, lakini haoni sababu ya kumwita mgonjwa wa kusahau.

“Ulisema upepo unaingia pale,” Duane alimwambia Mama. “Nilitaka usipate baridi, Mama. Haki ya Mungu sikujua.”

Na mimi, niliyejiandaa usiku kucha kumrarua, nikakosa pa kumshikia. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Mama aliomba simu, akawapigia mwenyewe wale wa nyumba ya wazee.

“Naitwa Bernadine Kozub. Nilikuwa nije kwenu leo. Siji. Hapana, mwanangu hana haja ya kuthibitisha. Nathibitisha mimi.”

Akanirudishia simu. Duane akanyoosha mkono kumshika wa kwake. Mama akauingiza wake chini ya blanketi.

“Kuumwa kichwa nimesamehe,” alisema. “Lakini nilikuwa nakaa pale kitandani nikijiambia, Duane ni mtoto mzuri, hawezi kunidanganya, kama anasema akili yangu imekwisha, basi imekwisha. Nilikuwa nimeshakuamini, mwanangu.”