Robo ya Mzunguko Kushoto

Tangu asubuhi Nives hakai. Ameketi, ameinuka, ameenda dirishani kusikiliza bora, upepo mkali wa baridi wa pwani hii, ukitikisa vioo vyake, amerudi. Kahawa yake imepoa mara mbili. Na angetulia vipi, jamani? Miaka ishirini na sita yeye ndiye anayevilenga vioo vinavyoongoza mwali wa eksirei katika kituo hiki cha utafiti cha Trieste, Italia, anazungusha vitufe kwa vidole vyake, na leo kompyuta inajaribiwa kwa kazi hiyo hiyo. Wakubwa wamekwisha kusema: programu ikifaulu, Nives anahamia stoo ya skrubu.

"Mama, kaa basi, unanitia kizunguzungu," alisema Tullio, injinia aliyeiandika programu.

"Umekitaka mwenyewe. Bonyeza!"

Tullio akabonyeza. Nyuma ya ukuta wa chuma vioo vikaanza kujigeuza, na mstari wa nguvu ya mwali kwenye skrini ukapanda. Dakika nne tu! Kazi hiyo humlia Nives asubuhi nzima. Mstari ukafika kileleni, ukasimama papo hapo, watu wakapiga makofi. Mojca, mtafiti kutoka Ljubljana, akakimbilia kisanduku chake cha baridi. Ndani mlikuwa na fuwele tatu za protini, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Amezikuza miaka miwili, na kila moja ikishapigwa mwali, imekwisha, hairudiwi.

Nives hakupiga makofi. Yeye hasimami kileleni hata siku moja. Hupitiliza kidogo, robo ya mzunguko kushoto, kwa sababu kioo cha mwisho kikipata joto huvimba, na mwali husogea kulia. Hajawahi kumwambia mtu. Nani alimwuliza?

Nyamaza, alijiambia. Nusu saa tu mwali utakuwa umehama, fuwele zimeharibika, na hao hao watakuja kukupigia magoti.

Mojca akapita, kisanduku amekikumbatia. "Niombee, dada Nives. Zikiharibika, sina nyingine."

Lo, shetani alaaniwe! "Wewe, simama hapo!" Nives alifoka. "Tullio, kioo cha mwisho kimekaa vibaya. Kipeleke kushoto, robo ya mzunguko, halafu msubiri kipate joto." Akawaeleza yote, haraka haraka, kwa hasira.

Tullio akashika kichwa. "Mama wee! Kumbe ndiyo hiyo?"

"Ipi?"

"Programu niliifundisha kwa kumbukumbu zako, kila ulipogeuza kitufe. Ikawa kila mara inapitiliza, robo kushoto. Nikadhani mkono wako umechoka, uzee tena. Jana nikaifuta hiyo robo."

"Uzee wa babu yako!"

Wakacheka. Tullio akairudisha kwa vibonye vitatu. Mstari ukapita kilele, ukashuka kidogo. Wakasubiri. Nusu saa baadaye ukapanda wenyewe, ukatulia, na jioni Mojca akatoka analia kwa furaha, picha zake zote tatu safi.

Nives alimkumbatia, akafurahi naye kweli. Ila programu ilikuwa imefaulu, na hakuugusa mvinyo waliomimina.

Jumatatu akaanza stoo. Saa nne simu ikalia.

"Mama, imefanya tena!" Tullio alisema. "Robo kushoto, yenyewe, kama mkono wako ule ule!"

"Usiifute tena," alisema Nives, akakata simu kabla hajasikika analia.