Blanketi Lenye Theluji

Ntate Seabata, yaani Baba Seabata kama tusemavyo kwetu Lesotho, alikuja Neptuni na blanketi. Kila mmoja wetu watatu aliruhusiwa kilo mbili za vitu vyake, naye zote alizimaliza kwa blanketi moja la sufu la kwao Semonkong.

"Chomboni humu ni nyuzi ishirini na mbili, Ntate," nilimwambia nikicheka. "Utalivaa lini?"

"Ausi Moroesi, dada wa mjini, mtoto wa lami wewe. Siku utakapokuja kuliazima, nitakukumbusha ulivyocheka."

Siku ya kumi na moja ya kuizunguka sayari tulishuka sisi wawili. 'M'e Nthatuoa, mama kamanda wetu, alibaki juu kwenye chombo kikubwa. Kazi yetu ilikuwa kuleta barafu ya wingu la chini, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa.

Neptuni haina ardhi. Anayeanguka huko hafiki chini. Hewa inazidi kuwa nzito na ya moto mpaka chumba cha wasafiri kinabonyea. Kwa hiyo tulining'inia chini ya puto lililojazwa hidrojeni ya sayari yenyewe, ikipashwa moto na kinu kidogo cha nyuklia. Gesi ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na hicho tu ndicho kilichotushikilia. Upepo ulikimbia kilomita elfu moja na mia nne kwa saa, lakini hatukuusikia, kwa kuwa tulikwenda nao.

Roketi ya kuturudisha ilikuwa na mpaka wake. Geji ya mgandamizo ilisoma moja pale ambapo hewa inabana kama kwenye usawa wa bahari, ile bahari ambayo sisi Basotho hatuna. Ikipita nane, hewa ingeziba mdomo wa roketi, na puto lenyewe lisingeweza tena kutuinua. Nane ndiyo namba iliyotenganisha uhai na kifo.

Kwenye tano tuliingia wingu. Ni chembe za barafu ya gesi inayonuka kama yai viza, katika baridi ya nyuzi mia na hamsini chini ya sifuri. Kwa dakika ishirini tulijaza mirija mitatu tukaifunga. Nikaongeza moto ili tupande.

Hatukupanda. Geji ilisoma tano nukta mbili.

Kamera ilionyesha puto likiwa jeupe juu, barafu unene wa kiganja. Kitabu cha maelekezo kilisema barafu iyeyushwe, na ukurasa huo niliuandika mimi. Nikapandisha kinu hadi mwisho. Barafu iliyeyuka, ikatiririka ubavuni, ikafika kwenye pindo la puto ambako ni baridi zaidi, ikaganda upya. Juu, wingu liliendelea kunata kwenye ngozi iliyolowa. Tano nukta tisa. Maabarani nilijaribu kwa barafu iliyokwisha kushika, si kwa barafu inayoendelea kunyesha. Kosa lilikuwa langu.

"Mbona mnashuka?" 'M'e Nthatuoa aliuliza redioni.

"Barafu, 'M'e. Tukiendelea hivi, tuna dakika tisa kufika nane."

Hakutaja kuwauliza wakuu wetu Maseru. Ujumbe ungefika huko baada ya saa nne.

Ntate Seabata alikuwa ameikodolea macho picha ya kamera. Alichunga kondoo milimani mpaka alipofika miaka kumi na saba.

"Nani alikufundisha kukimbilia moto na blanketi lenye theluji?" akaniuliza.

"Ntate, sasa si wakati wa..."

"Nisikilize. Mchungaji akitoka kwenye theluji, hasogei motoni. Anasimama nje kwanza, theluji ikauke kwa baridi, ndipo akung'ute. Ukiingia nayo, inayeyuka, inazama kwenye sufu, na ukitoka tena umevaa ubao. Binamu yangu tulimzika hivyo. Zima kinu."

"Tukizima tunaanguka."

"Na sasa hivi tunafanya nini, tunapaa?"

Nilipiga hesabu. Sekunde tisini bila moto zingetosha kuirudisha ngozi ya nje kwenye baridi ya wingu. Ngozi ingesinyaa, barafu isingesinyaa nayo sawasawa, na hivyo ingebanduka. Tungefika saba nukta saba, pengine nukta nne zaidi au pungufu. Nikarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Upande mmoja palikuwa na kifo cha hakika baada ya dakika tisa, upande wa pili nafasi nzuri ya kuishi. Hilo halikuhitaji ujasiri. Nikazima.

Sita nukta nane. Saba nukta moja. Mkono wangu ulikuwa kwenye winchi inayovuta na kulegeza kamba za puto.

"Nikung'ute?"

"Bado. Ikiwa mbichi haitoki."

Saba nukta nne. Kwenye kamera ngozi ilianza kujikunja, na weupe ukapasuka mistari.

"Bado, Ausi... Sasa! Kung'uta!"

Nilivuta mita mbili nikaachia. Nikavuta, nikaachia. Vipande vikubwa kama milango vilipita dirishani vikizama gizani. Saba nukta nane. Nikawasha kinu. Namba ilifika saba nukta tisa ikasimama. Nilihesabu sekunde kumi na moja.

Saba nukta nane.

"Mnapanda!" 'M'e Nthatuoa alipaza sauti. "Mmetumia ukurasa gani?"

"Haumo kitabuni, 'M'e."

"Basi utakuwemo!"

Ntate Seabata alianza wimbo wa wanaume, ule unaoimbwa mtu akirudi na ng'ombe waliokuwa wameibwa, na redioni kamanda wetu akamjibu kwa vigelegele mpaka spika ikakwaruza. Tulitoka wingu la chini, tukapita la juu. Geji iliposoma moja, roketi iliwaka mara ya kwanza tu nilipobonyeza. Mirija yote mitatu ilikuwa mizima.

Chombo kikubwa kilipotupokea, bado nilisikia baridi. Humo ndani ilikuwa nyuzi ishirini na mbili, nilitazama kipimo.

"Ntate," nikasema. "Naazima blanketi."

Hakunikumbusha kitu. Alilitoa, akalikung'uta mara mbili, ndipo akanifunika mabegani.