Mstari wa Sabini na Mbili

Jana usiku, nikiwa nimelala ubavu wangu wa kawaida na bila hatia yoyote inayojulikana na wazazi, niliota kwamba Sabini na Moja amekuja kwetu na amekalia kiti cha baba.

Kabla sijaendelea, heshima inanitaka nimtambulishe mgeni. Sabini na Moja ni alama. Ni alama alizopata mdogo wangu Atupele katika mtihani wa kujiunga na Sekondari ya Kilandimo, shule ya bweni ambayo mimi mwenyewe nasoma kidato cha tatu, kwa tabia ambayo uongozi wa shule unaifahamu. Zilikuja juzi jioni kwenye simu ya baba: "Atupele, alama 71. Mzazi anayetaka kuendelea afike na mtoto Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Asiyefika, nafasi atapewa mwingine."

Basi. Ujumbe haukusema kama sabini na moja ni nyingi au chache, wala ni wangapi wamemzidi, wala mstari wa kuchukuliwa umepita wapi.

Baba anafanya kazi kwenye mizani ya malori, barabara kuu. Huu ni mwaka wa kumi na nne anasoma namba, na kila namba anayoisoma ina kikomo chake kimebandikwa ukutani. Namba isiyo na kikomo, kwake, ni namba isiyo na adabu. Aliusoma ujumbe mara tatu, akaigeuza simu kuangalia mgongoni, kisha akaniuliza, "Amba, mwaka wenu mstari ulikuwa ngapi?"

Sikujua. Hakuna anayejua, Kilandimo hawatangazi. Lakini nilikuwa natafuna muhindi na nilikuwa na furaha, nikasema, "Sabini na mbili."

Ulikuwa utani. Nilikusudia wateseke dakika mbili, halafu niseme ukweli tucheke wote. Ila baba alisema tu, "Moja," akaiweka simu mezani taratibu kama kitu kinachoweza kumwagika. Mama anafuma masweta ya shule kwa mashine, na alikuwa tayari kwenye sweta la Atupele, rangi ya damu ya mzee, limebaki mkono mmoja. Akaisimamisha mashine. Atupele akaenda kulala bila kula, na Atupele hajawahi kugombana na chakula tangu azaliwe.

Dakika mbili zikapita. Baada ya hapo, kila dakika ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia.

Jana, Alhamisi, baba akatoa uamuzi. "Kesho hatuendi. Kilo moja ni kilo moja." Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha shemeji yake mizanini kwa sababu ya gunia moja la viazi. Mama akasema, "Baba Amba, tungejaribu tu." Baba akasema, "Nikasimame mbele za watu na mtoto aliyepungua?" Nami nikasema usiku mwema, nikaenda kulala.

Sasa turudi sebuleni.

Sabini na Moja ni mwembamba, amevaa koti la kuazima, na anatia sukari vijiko vitano kwenye chai. Baba amesimama mbele yake na fulana yake ya kazini, ile inayong'aa ikimulikwa.

"Wewe unatosha au hutoshi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu."

"Inategemea nimesimama na nani," anasema Sabini na Moja. "Nikikaa na Arobaini, naitwa mheshimiwa. Nikikaa na Tisini, natumwa maji."

"Mwache anywe chai," mama anasema. "Mwanangu, huko ulikotoka mlikuwa wengi?"

"Wengi sana, mama. Walitufungia chumba kimoja."

"Na mstari uliuona?"

"Nilipoondoka ulikuwa haujachorwa." Anakoroga chai, kisha ananitazama mimi. "Umechorwa juzi jioni. Kuna mtu alikuwa anatafuna muhindi."

Ninaangalia dari. Dari nayo inaniangalia.

Kabla baba hajageuka, inalia kengele. Kilandimo kengele yetu ni rimu ya gurudumu la lori, na anayeigonga huigonga kama anadai haki yake. Inapolia, ukuta wa sebule unaondoka kwa miguu yake, na sisi sote tuko kwenye uwanja wa paredi wa shule. Ni Ijumaa. Ni saa tatu na nusu. Sabini na Moja amekuja na kikombe chake.

Uwanja umejaa wazazi, na kila mmoja anatii maagizo ya fomu. Fomu imesema mzazi aambatane na mtoto, kwa hiyo wazazi na watoto wamebanwa pamoja begani kwa pini za karatasi. Fomu imesema jina lijazwe kwa herufi kubwa, kwa hiyo baba amebeba A ukubwa wa mbuzi, mama anaburuta T, na U inawafuata nyuma kwa shingo upande. Jina la mdogo wangu lina herufi saba. Langu, Ambakisye, lina tisa, nikaelewa kwa nini baba alikuja kuumwa mgongo mwaka ule nilipoingia mimi.

Kwenye meza anakaa Muhuri. Ni muhuri wa mpira, mfupi, mwenye mpini wa mbao, na kila akimaliza sentensi anaigonga meza kwa kichwa.

"Utaratibu ni rahisi," anasema, akagonga. "Mtoto anaanzia kwenye mlingoti wa bendera. Anatembea hatua sawasawa na alama zake. Akivuka mstari, darasani. Asipovuka, nyumbani." Akagonga. "Tunahitaji mtu mwenye uzoefu wa kusoma namba bila huruma."

Wazazi wote wanamtazama baba.

Baba anaitua A chini, anapanda kwenye kibanda cha mizani ambacho kimeota pale chenyewe, na anafungua dirisha. Mstari uko mbele yake, mweupe, wa chokaa, kama tunaouchora siku ya riadha. Naujua mwandiko wangu. Umepinda kidogo upande wa kushoto.

Watoto wanatembea. Themanini na nne anavuka. Hamsini na tisa anaishia mbali, anakaa chini palepale na kufungua chakula chake. Wazazi wa Sitini na nane wanamwambia mtoto wao arefushe hatua, lakini Muhuri anasema hatua zote zimepimwa.

Kisha anatembea Atupele. Amevaa sketi ya shule ya msingi. Hatazami pembeni.

"Sitini na tisa," baba anasoma kwenye kipaza sauti. "Sabini. Sabini na moja."

Atupele anasimama. Kati ya kidole gumba cha mguu wake na ile chokaa panatosha kupita mtoto wa kuku.

Wazazi wananyoosha shingo.

"Mtoto wa nani huyu?" baba anauliza.

"Wako, baba," anasema Atupele.

"Nikiwa dirishani sina mtoto." Nauona mkono wake umeshika ukingo wa dirisha. "Pungufu moja. Arudi."

Atupele harudi. Anabaki amesimama pale, anauangalia mstari kama mtu anayesoma tangazo la kazi ya mwingine. Mama amekaa juu ya T. Begani kwake kuna lile sweta la mkono mmoja, na sweta linashuka, linavuka uwanja likijikokota, linakuja hadi nilipojificha nyuma ya herufi P, na kunishika sikio.

"Wewe una mikono miwili," linaniambia. "Nenda kafanye kazi."

Napelekwa mezani.

"Shikamoo, mzee," namwambia Muhuri. "Naomba ule mstari ufutwe."

"Aliuchora nani?"

"Kuna kijana mmoja."

Muhuri ananigonga kwenye paji la uso. Najua nimeandikwa kitu, lakini sioni ni nini, na wazazi walio karibu wanasoma na kusogea mbali kidogo.

"Kwani mstari wa kweli uko wapi?" nauliza.

"Hatuna," anasema Muhuri. "Kila mwaka tunakaa hapa tunangoja. Wengi hawaji, kwa sababu mtu fulani amewaambia hawatoshi. Saa nne tunahesabu waliofika." Anageuka kutazama jua. "Zimebaki dakika sita. Mchoraji hufuta kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya shahidi. Shahidi wako yupo dirishani."

"Hakuna shahidi mwingine?"

"Hakuna."

Naenda kwenye mstari na kuanza kusugua kwa unyayo. Chokaa haifutiki. Namtazama baba juu kule.

"Baba, huu mstari, nadhani kuna watu waliuelewa vibaya."

Mstari unainuka hadi magotini. Sasa ni kamba.

"Nilisikia tu shuleni, baba. Wenzangu ndio wanaosema."

Unainuka hadi kifuani. Sasa ni ukuta mdogo, na Atupele yuko upande wa pili. Naona nywele zake tu. Kule nyuma, mtu ameshaokota chuma na anaikaribia rimu.

"Kaka," Atupele anaita kutoka upande ule, "unafanya nini huko?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningepata la kujibu.

"Baba," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja, hata vile vilivyoharibika tangu muhula wa kwanza. "Nilidanganya. Sijui mstari uko wapi. Hakuna anayejua. Nilisema sabini na mbili kwa sababu yeye alipata sabini na moja. Nilitaka kucheka."

Ukuta ukashuka, polepole, mpaka ukawa chokaa tena.

Baba akafunga dirisha. Akashuka kibandani akiwa na kandambili zake za nyumbani, akatembea uwanja mzima bila haraka, na mimi nikahesabu kila hatua. Alipofika hakunipiga, wala hakunitazama. Alianza kusugua mstari kwa mguu, kwa nguvu, chokaa ikaruka mpaka kwenye vifundo vyake.

"Sugua na kwako," akasema. "Upande wako unaacha."

Tukasugua. Yule mtu akainua chuma. Atupele akainua mguu. Rimu ikalia.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, Ijumaa. Jambo la kwanza nililofanya ni kukagua nyayo zangu. Zilikuwa safi, kwa kiwango cha nyayo zangu. Paji la uso halikuandikwa kitu. Nikajiambia kwamba ndoto ni ndoto, kwamba mtu hawajibiki kwa maneno aliyoyasema amefumba macho, na kwamba kukisubiriwa mpaka saa nne ipite, jambo lenyewe litakuwa limekwisha bila mimi.

Nililala tena kwa muda wa kuhesabu hadi sabini na moja. Kisha nikainuka.

Sebuleni baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alivaa suti yake ya kanisani, tai imefungwa, na miguuni kandambili. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimepigwa rangi tayari. Mama alikuwa amekaa mbele ya mashine ya kufuma, mikono juu ya magoti, hafumi. Wote wawili walinitazama nikiingia kama watu wanaotazama gari likipanda mizanini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema baba. "Sema."

"Niseme nini, baba?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyeamka saa kumi na mbili siku ya likizo."

Nikasema. Safari hii sikuwa na kipaza sauti, na ilikuwa kazi kubwa zaidi. Nilisema kuhusu muhindi, kuhusu sabini na mbili, kuhusu dakika mbili na zile zilizofuata. Sikusema kuhusu ndoto, kwa kuwa nilishakuwa na matatizo ya kutosha. Nilipomaliza mama alishika mpini wa mashine, na ile sauti yake ya krrr, krrr ikaanza tena, mkono wa pili.

Baba aliinama. Kisha akavua kandambili ya kulia, akaigonga taratibu kwenye mguu wa kiti.

Ikaanguka chokaa.

Akavua ya kushoto, akaigonga. Nayo vilevile, lundo dogo, jeupe, juu ya sakafu nyekundu ambayo mama aliipiga dawa ya kung'arisha jana mchana.

"Kamwamshe mdogo wako," akasema, akivuta viatu vyake. "Basi linapita saa moja. Na ukitoka huko, uje ufagie hapa."